Likizo Dar: Lala Karibu na Posta

Wasikilizaji wa Kyebando, mnaowapeleka watoto Dar es Salaam likizo hii, tafuteni hoteli maeneo ya Posta au Kisutu. Basi litawashusha stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mbali na mjini. Lakini mkishafika Posta, boti za Zanzibar na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, mnaendea kwa miguu. Hoteli rahisi ya pembezoni hula akiba yote kwenye teksi, na foleni za Dar ni balaa.

Kabla ya kulipa, piga simu: chumba cha watu wanne kipo? Chai ya asubuhi imo kwenye bei? Jenereta haliko chini ya dirisha?

Bebeni pia kadi za chanjo ya homa ya manjano, mpakani Mutukula huulizwa.