Kamani ya Kilengeo cha Bunduki



Kazi yangu ni kufasiri, wala si kushika nyundo. Hata hivyo nilipewa kufasiri maelekezo ya kufungua na kuunga tena kilengeo cha nyuma cha bunduki ya Kiingereza, Lee-Enfield Namba 4, iliyotengenezwa kwa wingi tangu mwaka 1941. Nilipomaliza nikapeleka karatasi zangu Makina, Kibera, kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa bunduki jeshini. Kibera, kama mjuavyo, ilikuwa makao ya askari wa Kinubi wa King's African Rifles tangu mwaka 1904, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu.

Mzee akasoma, akacheka. "Mwanangu," akasema, "ukifuata haya, kamani itafika Toi kabla wewe hujasimama."

Kumbe nimeandika pini itangulie, kamani ifuate.

Kilengeo hiki ni bamba lenye matundu mawili. Likilazwa, askari huchungulia tundu kubwa lililopimwa kwa yadi 300. Likisimamishwa, hutumia tundu dogo lipandishwalo na kushushwa, tangu yadi 200 hata 1,300. Chini yake, shimoni, imo kamani fupi, na juu ya kamani kijiti cha chuma kisukumacho kitako cha bamba lisiyumbe. Kamani ikilegea, mshindo wa risasi ya kwanza waweza kuliangusha bamba. Hapo aliyepima yadi 600, katika haraka ya vita, atachungulia tundu la yadi 300, na risasi yake itaanguka kabla ya kufika. Adui hatamngojea apime tena.

Basi hutangulia kamani, kisha kijiti, kisha bamba hukandamizwa mpaka matundu ya pini yakabiliane. Hapo ndipo penye taabu, maana mkono mmoja hukandamiza na wa pili hutafuta pini. Mzee hutia kwanza pini fupi ya muda. Pini ya kweli huingia upande mmoja ikiisukuma ile ya muda itokee upande wa pili, na kamani haipati nafasi hata kidogo. Kufungua ni vivyo hivyo, tena chini ya kitambaa.

Nilidhani hila hii ni ya jeshini tu. Juma lililofuata, huko Kawangware, nikamwona fundi wa kufuli akitoa kiini cha kufuli, huku akikifuata nyuma kwa kijiti cha unene uleule ili vikamani visimwagike. Nilipomsimulia habari za mzee, alistaajabu kwamba mtu hulipwa mshahara kwa kuandika jambo hilo. Bunduki, lakini, haitengenezwi kando ya njia. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka kibali.

Ukurasa nimekwisha usahihisha. Jina la kile kijiti tu ndilo hatujapatana: mzee hukiita mtoto wa kamani, nami nimeandika kisukumizi.