Kinywa cha Mtoto: Kula, Kumeza na Kusema
Matini ya mazungumzo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili katika Ibra, Sur na Nizwa



Waheshimiwa akina baba na akina mama, mabibi na mababu, na wote wanaolea watoto katika Sharqiya na Dakhiliya: mazungumzo haya yanamhusu mtoto mdogo ambaye kula kwake kuna taabu, au ambaye usemi wake umechelewa. Yanasisitiza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtoto huyo apelekwe kwa wataalamu mapema. La pili ni kwamba Kiswahili kinachozungumzwa nyumbani kwake kiendelee kuzungumzwa, kwa kuwa ni sehemu ya tiba yake.

Kwa nini kumeza na kusema huangaliwa pamoja

Midomo, ulimi, taya, kaakaa na koo hutumika katika kula na katika kusema. Mtoto mchanga anaponyonya hulazimika kufyonza, kumeza na kupumua kwa zamu, na zamu hiyo ikivurugika maziwa huweza kuingia katika njia ya hewa. Baadaye viungo hivyo hivyo hutoa sauti za “ma” na “ba”, kisha maneno kamili. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa tiba ya usemi ndiye pia anayechunguza umezaji, ingawa si kila mtoto mwenye tatizo moja huwa na la pili.

Wanaohitaji kuangaliwa zaidi ni watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wenye mpasuko wa mdomo au wa kaakaa, wenye mtindio wa ubongo, na wenye ugonjwa wa Down. Hata hivyo, mtoto asiye na ugonjwa unaojulikana naye huweza kuchelewa.

Dalili za taabu ya kumeza

Familia imwone daktari iwapo mtoto hukohoa au hupaliwa mara kwa mara anaponyonya au anapokula. Iwapo sauti au pumzi yake husikika kama yenye majimaji baada ya kumeza. Iwapo maziwa humtoka puani kila mara. Iwapo hutoka jasho na kuchoka wakati wa kunyonya. Iwapo mlo mmoja kwa kawaida huchukua zaidi ya nusu saa. Au iwapo uzito wake hauongezeki. Homa ya mapafu inayojirudia nayo ni dalili kubwa, kwani huenda chakula kinaingia mapafuni kidogo kidogo bila hata kikohozi. Mtoto anayebadilika rangi ya midomo anapolishwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jinsi ya kumlisha

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aongezewe chakula laini huku akiendelea kunyonya. Akianza kula, aketi wima, kichwa kisilale nyuma, na mlishaji amkabili usoni. Kijiko kiwe kidogo, na kijiko cha pili kingoje cha kwanza kimezwe. Mtoto asilishwe akiwa amelala, analia au anakimbia. Ndani ya Ramadhani, kabla ya magharibi, ambapo kila mtu yumo jikoni na mtoto hulishwa haraka haraka, inafaa mtu mmoja apewe kazi ya kumlisha kwa utulivu kabla ya wengine kufuturu.

Vyakula vya nyumbani vinatosha. Bokoboko lililopondwa vizuri, uji mzito, viazi na ndizi mbivu zilizosagwa huweza kulainishwa kadiri ya uwezo wa mtoto. Tende iondolewe kokwa na ganda, kisha ipondwe. Tende nzima, njugu, zabibu nzima na vipande vigumu vya karoti visipewe watoto wadogo. Maziwa yasiongezwe unga ili yawe mazito isipokuwa kwa maagizo ya mtaalamu.

Familia inayokusudia kumfanyia tahniki mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye mpasuko wa kaakaa, imuulize daktari kwanza. Kwa mtoto yeyote, tende ilainishwe kabisa, isiwe na kipande, na kinachopakwa kinywani kiwe kidogo mno, kwa mkono uliooshwa. Asali isitumiwe kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Ndani ya asali huweza kuwamo vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na misuli ya kumeza ni miongoni mwa inayolegea mwanzo.

Mtoto akikabwa

Mtoto anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kulia, kukohoa wala kupumua anahitaji msaada mara moja. Aliye chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mtu mzima, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kiganja; akiwa bado amekabwa ageuzwe, kifua kibonyezwe mara 5, na hatua hizo zirudiwe kwa zamu. Aliyezidi mwaka mmoja apigwe mgongoni mara 5, kisha abonyezwe tumboni juu ya kitovu mara 5. Kidole kisipekue koo bila kuona kitu, kwani huweza kukisukuma ndani zaidi. Wakati huo mtu mwingine apige simu 9999.

Dalili za kuchelewa kusema

Watoto hutofautiana, lakini kuna mipaka. Mtoto wa miezi 12 kwa kawaida hugeuka akiitwa jina, hubwabwaja, na huonyesha anachotaka kwa ishara. Wa miezi 18 huwa na maneno kadhaa mbali na mama na baba. Wa miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama “nataka maji” au “baba njoo”. Aliyepita umri huo bila hatua hizo achunguzwe. Aliyekuwa anasema kisha akaacha achunguzwe bila kuchelewa, wa umri wowote awe.

Katika nyumba nyingi husikika maneno ya kutuliza: “Atasema tu, hata baba yake alichelewa.” Baadhi ya watoto kweli husema wenyewe baadaye. Taabu ni kwamba mzazi hawezi kumtambua kwa macho atakayesema na asiyeweza bila msaada, na miaka ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi zaidi. Aliyepelekwa mapema na kukutwa hana tatizo hajapoteza kitu. Aliyengojewa mpaka skuli huanza masomo akiwa nyuma.

Uchunguzi wa kwanza ni wa masikio. Mtoto asiyesikia vizuri hujifunza maneno kwa shida, na aliyefaulu kipimo cha usikivu alipozaliwa huweza kupungukiwa baadaye, kwa mfano kutokana na maji yanayokusanyika nyuma ya kiwambo cha sikio.

Kiswahili, Kiarabu na mtoto

Familia nyingi za Ibra, Sur na Nizwa zina nasaba Unguja, Pemba na pwani yote ya Afrika Mashariki. Wapo waliorejea Oman baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, wengi zaidi wakarejea baada ya mwaka 1970, na wapo waliohamia miaka ya karibuni kwa kazi au kwa ndoa. Ndani ya nyumba moja mtoto huweza kusikia Kiswahili kwa bibi, Kiarabu kwa baba na majirani, na lugha ya tatu kwa yaya.

Mtoto huyo anapochelewa kusema, aghalabu jamaa hushauri Kiswahili kiachwe ili asichanganyikiwe. Ushauri huu hauna msingi. Lugha mbili hazisababishi ugonjwa wa usemi. Mtoto mwenye tatizo la lugha huwa nalo katika lugha zake zote, na kumwondolea moja hakuliponyi. Kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja ni jambo la kawaida kwa mtoto wa nyumba kama hiyo.

Hasara ya kuiacha lugha ni kubwa. Mama anayejilazimisha Kiarabu asichokimudu husema kidogo, kwa sentensi fupi, na mtoto hupata maneno machache zaidi. Bibi hukaa kimya mbele ya mjukuu wake. Mtoto aliyekuwa na upungufu wa maneno huongezewa upungufu wa watu wa kuzungumza naye. Kila mlezi na aseme naye lugha anayoimudu vyema.

Maneno ya mtoto huhesabiwa katika lugha zote. Anayesema “maji”, “bibi” na “paka” kwa Kiswahili, na “halib” kwa Kiarabu, ana maneno manne. Mtaalamu asiyejua Kiswahili huweza kuyaona pungufu ya yalivyo. Kwa hiyo mzazi aandike orodha ya maneno yote, na maana zake, kabla ya miadi.

Mambo ya kuepuka

Kukata kimeo, yaani kidakatonge, ili mtoto anyonye au aseme, hakuponyi taabu ya kumeza wala usemi. Huleta damu nyingi na maambukizo yanayoweza kuua. Kumchoma mtoto kwa chuma cha moto kichwani au shingoni humwachia jeraha na kuchelewesha tiba. Utando ulio chini ya ulimi usikatwe nyumbani. Ni mara chache ambapo utando huo huwa sababu ya kutosema, na uamuzi ni wa daktari.

Kwenda kwa wataalamu

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu. Mzazi aende na kadi ya afya ya mtoto, orodha ya maneno, na, ikiwezekana, video fupi ya simu inayomwonyesha mtoto akila au akizungumza nyumbani. Daktari akiona haja huandika rufaa kwenda hospitali ya Ibra, Sur au Nizwa, na pengine Maskati kwa vipimo zaidi. Asiyemudu Kiarabu wala Kiingereza aombe mkalimani wakati wa kupanga miadi. Mtoto mkubwa wa nyumba asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa mdogo wake.

Miadi huwa ya dakika chache, na njia kwa wakaazi wa vijijini ni ndefu. Sehemu kubwa ya tiba hufanyika nyumbani. Mtaalamu huonyesha zoezi, kisha familia hulirudia kila siku wakati wa kula, wa kuoga na wa kulala. Yaya afundishwe naye, kwani pengine ndiye anayelisha mara nyingi zaidi.

Mazoezi ya mkekani

Mtoto atajiwe vitu anavyovishika: kikombe, sahani, tende. Akisema “maji”, mlezi aongeze kidogo: “Maji baridi.” Akiulizwa jambo, apewe muda wa kujibu, na asinyimwe chakula ili kulazimishwa kutamka. Simu na televisheni zizimwe wakati wa kula. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri mtoto chini ya miaka 2 akae akitazama kioo, na kwa wa miaka 2 hadi 4 muda huo usizidi saa moja kwa siku.

Hadithi za bibi zina nafasi hapa. Anaposema “Paukwa” na mtoto akajibu “Pakawa”, mtoto hujifunza kusikiliza, kungoja zamu na kujibu. Asiyeweza neno zima ajibu “pa”, naye apokelewe kwa furaha kama aliyelisema lote.

Familia yenye shaka juu ya mtoto wao na ipange miadi wiki hii. Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wote afya na ndimi fasaha.