Mikono Iliyofua Silaha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Enyi Waislamu wa Kibondo na Kasulu, Suratul Hadid yatufundisha kwamba chuma kina ukali na kina manufaa. Akifuaye ndiye achaguaye. Wahunzi wa Buha walifua mkuki na jembe kwa moto mmoja.

Matunda ya silaha twayajua: kambi za Nduta na Nyarugusu, hii iliyofunguliwa mwaka 1996, zilijaa watu waliozikimbia. Basi fundi wa magobore akitubia, tumfanyeje? Kumwambia aache, kisha tukamwachia njaa, ni kumrudisha alikotoka.

Mataifa makubwa yalilitambua hilo. Baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, Marekani, Japani, Jumuiya ya Ulaya na Urusi zilipatana mwaka 1992 kuanzisha kituo Moscow, ili wataalamu wa silaha za nyuklia na za sumu walipwe kwa utafiti wa amani, wasije wakaiuza elimu yao kwa dhiki.

Sisi hatuna hazina kama zao, lakini tuna mashamba. Na tununue kwake jembe, shoka na mundu; tumlipe bila ya kumzungusha; tumpe vijana awafundishe. Nabii Daudi (A.S.), aliyelainishiwa chuma, alikula kwa kazi ya mkono wake.

Ewe Mola wetu, turuzuku ya halali, na utudumishie amani. Amin.