Mkao wa Kobe Hauharakishwi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na majirani, Morogoro)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mkao wa yoga uitwao Kurmasana, yaani mkao wa kobe. Mtu huketi sakafuni, huitanua miguu, huipenyeza mikono chini ya magoti, kisha huinama mpaka kifua na kidevu viguse sakafu.

Kobe ana heshima kwetu. Bwana Vishnu, katika umbo lake la pili, alikuwa Kurma aliyeubeba mlima Mandara mgongoni bahari ya maziwa ilipokuwa ikisukwa. Bhagavad Gita, katika sura ya 2, humfananisha mwenye hekima na kobe arudishaye viungo vyake ndani. Waswahili nao husema kwamba kobe akiinama anatunga sheria. Pande mbili za bahari moja zimemtazama mnyama huyo na kuona utulivu ule ule.

Sisi wafanyabiashara maradhi yetu ni kukaa. Kutwa tu nyuma ya kaunta; misuli ya nyuma ya mapaja hufupika, nyonga hukakamaa. Ufikapo umri wa miaka sitini, kuokota sarafu iliyoanguka ni kazi, na wakati wa ibada twatafuta kiti. Kiti si aibu, lakini wengi wetu tungeweza bado kuketi chini pamoja na wajukuu, lau tungeuzoeza mwili mapema.

Mwalimu wa kuinama yuko karibu. Mtazameni mama wa Kiluguru alimapo katika miteremko ya Uluguru: hujikunja penye nyonga, mgongo umenyooka. Huo ndio ufunguo wa mkao huu. Anayekunja mgongo peke yake huubebesha uti wake mzigo usiokuwa wake.

Basi tujiandae hivi. Tumbo liwe tupu, saa tatu au nne baada ya mlo. Tuketi juu ya blanketi lililokunjwa, miguu imenyooka, kanga ikizungushwa nyayoni ili mikono ipate pa kushika. Kwa majuma kadhaa tuzoee kuinama hapo tu, na kuketi nyayo zikiwa zimekutana, na kuketi miguu ikiwa imetanuliwa. Ndipo tukunje magoti, tupenyeze mikono, na kwa kila pumzi itokayo tusogeze visigino mbele kidogo. Mvuto ukisikika katikati ya paja ni sawa; maumivu makali chini ya tako au nyuma ya goti ni amri ya kurudi. Asiwepo mtu wa kumsukuma mwenzake mgongoni.

Mwenye maradhi ya pingili za uti wa mgongo, mwenye ngiri, mjamzito na aliyepasuliwa tumboni hivi karibuni asiuingie mkao huu. Mwenye shinikizo la damu amwulize daktari kwanza.

Majirani wengine huuliza kama yoga ni ya Wahindu peke yao. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Desemba 2014, liliifanya tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, kwa watu wote. Aje kila mtu na dini yake, na atakayeishia kugusa magoti tu, huyo naye amefanya mazoezi.

Mwenyezi Mungu atujalie afya na subira.