Gari Lichemkalo Baada ya Kutengenezwa
Hotuba ya afisa wa usalama barabarani kwa madereva, mafundi na wakazi wa Walukuba, Jinja



Jambo nililokuja nalo huonekana dogo, lakini hutuletea magomvi kituoni na misiba barabarani. Ni gari linalobadilishiwa rejeta au pampu ya maji, likatoka gereji jioni, na usiku huohuo likachemka kuliko lilivyokuwa likichemka awali.

Wengi wetu tunaishi kwa barabara. Kutoka hapa magari hupitia Iganga na Bugiri kwenda Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya, au hushika njia ya Tirinyi kwenda Mbale. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100, nayo si mahali pa kujaribia kazi ya fundi.

Nitawapa kisa cha dereva mmoja, bila kumtaja. Alilichukua gari lake kwa fundi alasiri, akapakia mizigo ya soko la mpakani, akaondoka. Alipopita Iganga, geji ya joto ilipanda, kisha ikashuka ghafla. Akafurahi, akidhani injini imepoa. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha, na kipimo kilikuwa kimebaki hewani. Aliendelea mpaka injini ikazima gizani, gari likiwa nusu juu ya lami. Lori lililokuwa nyuma lilimkwepa kwa kudra ya Mungu. Kesho yake, ndugu zake walimwendea fundi wakiwa na fimbo.

Je, fundi alimwibia? Sivyo. Rejeta ilikuwa mpya na nzima. Kosa ni kwamba hewa haikutolewa. Maji yanapomwagwa na kujazwa upya, hewa hunaswa ndani ya mipira, katika kichwa cha injini na hata katika hita, ambayo hapa kwetu hakuna anayeikumbuka. Penye hewa, maji hayapiti. Yasipopita, chuma huungua. Hivyo injini iachwe ingurume polepole, hita ikiwa imewashwa, hadi mapovu yaishe, ipoe, ndipo maji yaongezwe.

Pili, tazameni kifuniko cha rejeta. Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kifuniko kizima hubana maji kwa mgandamizo ili yasichemke hata yakivuka 100. Kikilegea, ulinzi huo hutoweka, hata kama rejeta ni mpya.

Tatu, themostati isitupwe. Wapo wanaoitoa wakisema nchi yetu ni ya joto. Lakini bila hiyo, injini hukawia kupata joto lake na hula mafuta zaidi, na katika baadhi ya magari maji huacha njia yake sahihi.

Ikiwa yote hayo ni mazima na gari bado lachemka, huenda joto la awali liliunguza gasketi iliyo chini ya kichwa cha injini. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma, maji yanayopungua bila kuvuja, na oili inayofanana na chai ya maziwa. Hapo fundi amweleze mteja ukweli kabla ya kupokea fedha.

Sasa, ndugu dereva, geji ikipanda, au ikishuka ghafla baada ya kupanda, usiseme, "Nifike tu Bugiri." Toka kabisa nje ya lami, zima injini, washa taa za tahadhari, weka pembetatu mbali nyuma ya gari. Abiria washuke, wasimame mbali na barabara. Kifuniko kisiguswe mpaka injini ipoe; maji yale yakiruka huunguza uso na macho. Gari likikwama mahali pa hatari, piga simu 999 au 112. Ukiondoka, ondoa pia mawe na matawi uliyoyaweka. Jiwe la jana limemwangusha mwendesha bodaboda wa leo.

Kwenu mafundi na wateja: andikianeni. Karatasi moja yatosha: kilichobadilishwa, bei, tarehe, na sahihi mbili. Kisha liendesheni gari pamoja kwa nusu saa hapa mjini, lipoe, mlitazame tena maji. Kazi iliyokosewa kwa bahati mbaya ni suala la makubaliano. Huamuliwa kwa mazungumzo, mbele ya wazee, au mahakamani. Kipuri kikiibwa au mtu akidanganywa kwa makusudi, njooni kituoni na karatasi hiyo. Lakini anayemwendea fundi na fimbo, hata kama ana haki, ataondoka akiwa mshtakiwa.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Nusu saa ya kungoja Walukuba ni bora kuliko usiku mzima gizani, na ni bora zaidi kuliko matanga.