Maneno Yale Bado Yanasemwa



Wanangu wahitimu, wengi wenu mnakwenda kufundisha fasihi. Haitapita muda mwanafunzi atafungua Al-Inkishafi au Utendi wa Mwana Kupona, asome beti mbili, afunge kitabu na kusema, "Mwalimu, hiki si Kiswahili." Siku hiyo nawaomba msimpe orodha ya msamiati akariri.

Mwambieni kwanza kilichotokea. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini tenzi nyingi kongwe zilitungwa Pate na Lamu kwa lahaja za huko, na mshairi Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kwa hiyo mengi tunayoyaita maneno ya kale si ya kale hata kidogo. Hayakuingia shuleni tu. Mimi huumia nikimsikia mwalimu akiyaita mafu, ilhali wavuvi wa Lamu wameamka nayo leo.

Kisha mwonyesheni njia. Akishajua kwamba ch ya Unguja mara nyingi ni t kule Lamu, mato na nti hazitamshinda. Akijua kwamba j huweza kuwa y, atalitambua moya. Na akijua kwamba vi- husikika zi-, zitu ataielewa bila kuuliza. Yatabaki maneno ya Kiarabu na yale ya lahaja yasiyofuata kanuni hizi. Hapo fungueni kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939, inayotaja neno ni la lahaja ipi. Imefafanuliwa kwa Kifaransa, najua, lakini taabu yake ina malipo.

Hata hivyo kuna mahali kamusi haifiki. Miswada yetu mingi iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika maandishi yale ya zamani e na i zilitumia alama moja, o na u vilevile, na mb mara nyingi iliandikwa b tupu. Neno moja kwenye karatasi laweza kusomwa kwa namna tatu au nne. Anayejua ipi ni sahihi ni yule aliyeupokea utenzi kwa sikio, na wengi wao sasa ni bibi na babu zetu.

Basi mkipata nauli likizo ya kwanza, nendeni. Bisheni hodi, ombeni kusomewa, andikeni matamshi kama yalivyo bila kuyasanifisha, na jina la aliyewasomea liandikwe juu ya ukurasa.