Mji wa Mombasa Husomwa Ukutani



Watu wengi hudhani kwamba habari za kale zimo vitabuni tu. Lakini mtu aendaye kwa miguu mjini Mombasa aweza kuzisoma ukutani, akijua pa kutazama.

Na tuanze Mji wa Kale. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe uliochongoka, husemwa kuwa ulijengwa karibu na mwaka 1570. Mafundi wa nyumba kongwe za mawe walitumia vitu vilivyokuwa karibu nao: mawe ya matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo, na boriti za mikoko. Hata upana wa chumba uliamuliwa na mti. Boriti haikuweza kubeba dari kwa hatua nyingi, na kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu.

Kisha tuitazame Ngome ya Yesu. Wareno waliianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Kuta zake nene zatuambia kwamba waliokaa ndani waliogopa bahari, na nchi kavu pia. Hofu hiyo haikuwa bure. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan aliitwaa, na ingawa Wareno walirudi, mwezi wa Desemba 1698 Waomani waliingia baada ya kuizingira kwa muda wa miezi 33. Nao wakajenga makao yao juu ya kazi ya Wareno. Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Ukuta ni ule ule. Mabwana ndio waliobadilika.

Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, mji uligeuza uso wake. Barabara pana zikaelekea Kilindini, na mwaka 1902 ikasimama Mahakama karibu na Ngome. Vichochoroni nako roshani za mbao zenye nakshi za Kihindi zatukumbusha wafanya biashara waliovuka bahari.

Mwaka 1990 Serikali ilitangaza Mji wa Kale kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Ni jambo jema, lakini sheria haipaki chokaa. Mwenye nyumba ambaye paa lake lavuja na kodi yake haitoshi hushawishika kubomoa, au kupaka saruji kwa kuwa hupatikana upesi. Naomba asikilize neno hili moja: chokaa huacha ukuta upumue, bali saruji hufungia maji ndani, na jiwe likaharibika polepole nyuma ya uso mzuri.

Basi, kabla hujamwita fundi wa saruji, mtafute mzee ajuaye kazi ya chokaa, na kijana wako asimame karibu naye ajifunze. Kitabu kilichopotea huenda kikapigwa chapa tena. Ukuta ulioanguka hausomeki tena.